Kumbukumbu za Kikao

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, si kuyapima.
Karani wa baraza la kaunti, Carolina Kaskazini, mwaka wa kumi na sita:
mitaro, leseni za mbwa, ada ya majitaka,
na kila Jumatatu ya kwanza, baada ya sala,
mwananchi hupewa dakika tatu.
Mezani kuna taa: kijani, manjano, nyekundu.

Bi. Eulalie Stancil alikuja na daftari la shule.
Miaka ishirini na minane aliendesha basi la watoto
katikati ya tumbaku na viazi vitamu,
na sheria yake ilikuwa moja:
waliopanda ndio watakaoshuka.
Kichwa kimoja kikipungua, basi haliondoki.

Akasema: nyuma ya misonobari, kwenye kiwanja chetu,
kuna ndege nyeupe isiyo na jina la shirika.
Huruka saa nane usiku.
Nimelala garini na chupa ya kahawa,
nimeandika namba ya mkiani mara kumi na moja.
Taa za njia ya kurukia tunazilipia sisi.
Inakwenda kuchukua watu kwenye nchi za watu
na kuwashusha pasipo na anwani.
Nani anawahesabu?

Nyekundu.
Mwenyekiti Pruitt akashukuru. Hilo, akasema, si la kaunti.
Nikaandika: *Mwananchi mmoja alizungumzia kiwanja cha ndege.*
Maneno sita.
Mwezi uliofuata, maneno sita.
Nilifunika kombe mwanaharamu apite,
naye hakupita: alitua, akajaza mafuta, akapaa.

Wakaja watatu, wakawa tisa.
Mchungaji asiye na kanisa. Kijana wa mazizi ya nguruwe,
kanawa lakini bado ananuka.
Askari mstaafu aliyeshika kipaza sauti,
akasema, "Mimi nilikuwa mlinzi wa mlango,"
kisha akakaa, dakika mbili na nusu zikiwa zimebaki.
Mjini waliitwa vibaraka wa magaidi.
Gari la Bi. Stancil lilichomwa matairi kwa kisu.
Na mimi, dukani, nikimwona kwenye rafu za unga
nilikumbuka ghafla kwamba nahitaji sabuni.

Mwezi wa kumi na tisa alisoma barua.
Nabil Ouazzani, fundi wa vigae, Tetouan.
Nguo zilikatwa kwa mkasi zikiwa mwilini.
Akavishwa nepi, mtu mzima, baba wa watoto.
Akatundikwa kwa mikono, vidole vya miguu
vikiitafuta sakafu, saa kumi na nane.
Baadaye wakamwacha kando ya barabara:
jina lake lilifanana na la mwingine.

Akaikunja barua. Akainua mikono juu.
Hakusema neno.
Miaka sabini na moja, sweta la kijani, kiwiko kimetoboka.
Kijani.
Viganja vikaanza kutetemeka, kisha mabega,
kisha pete ikagongana na pete.
Manjano.
Pruitt alitazama kengele yake, hakuigusa.
Mashine ya barafu ukumbini ikamwaga barafu.
Nyekundu.
Mikono ilikuwa bado juu.

Kimya hakina tahajia. Nilikaa nacho hadi usiku wa manane,
kisha nikaandika:
*Bi. Eulalie Stancil aliinua mikono, dakika nne.
Bw. Nabil Ouazzani, saa kumi na nane.
Ndege ilitokea hapa.*
Na namba ya mkiani, mara kumi na moja, na tarehe zake.

Mwezi uliofuata: "Kumbukumbu. Kuna marekebisho?"
Hakuna azisomaye. Hilo nalijua kuliko wao.
"Natoa hoja zipitishwe."
"Naunga mkono."
"Wanaokubali?"
Mikono mitano ikainuka,
sekunde nne labda,
ikashuka bila maumivu.

Usiku ule ndege iliruka kama kawaida.
Lakini pale ukumbini, safu ya mwisho,
nilimwona Bi. Stancil akinyoosha kidole,
midomo ikicheza kama ya dereva mlangoni:
mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.
Kidole kikasita.
Kikanielekea mimi.